MREJESHO: Kufundisha uandishi chuoni kwa mkataba wa muda, Mbeya

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama niendelee kufundisha stadi za mawasiliano na uandishi katika chuo kimoja hapa Mbeya, ilhali nalipwa saa za darasani tu na insha nasahihisha nyumbani bure. Wengi mlisema niache. Sijaacha.

Mlionielekeza kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, asanteni sana. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Nilikichapa, nikaketi na mkuu wa idara. Alinisikiliza kwa heshima, na sasa kusahihisha kunalipwa, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko kipindi. Kwangu ni hatua kubwa, maana kazi yenyewe iko hapo: mwanafunzi hajui kujenga aya kwa kunisikiliza akiwa kati ya wenzake 120. Anajua akirudishiwa rasimu yenye maoni, akaiandika upya. Darasa lile lilikuwa halipati hilo, na iliniuma sana.

Likizo bado hakuna malipo, hapo nimekwama. Najazia kwa tuisheni Uyole.

Yule aliyeuliza kuhusu vyuo vya Iringa: peleka barua, vyeti na andalio la somo moja kabla ratiba za muhula hazijapangwa. Zikishatoka, vipindi vingi vinakuwa vimeshagawiwa.