Nimechaguliwa kusoma uhandisi mitambo Mlimani: ninunue nini kwanza, na nikae wapi?

Kijana wa Kizuiani

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wenzangu.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, nimerejea kutoka JKT, na sasa nimechaguliwa kusoma shahada ya uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi ya miaka minne. Ninaishi kwa shangazi yangu Mbagala Kizuiani. Mjomba amenipa shilingi 550,000 za kuanzia, na ameniambia wazi kwamba hataweza kuongeza nyingine kabla ya mwezi Januari. Mkopo nimepata, ila sifahamu fedha za kujikimu zitaingia lini.

Nina maswali matatu. La kwanza, nibaki kwa shangazi, niombe hosteli, au nipange chumba Changanyikeni na rafiki yangu aliyechaguliwa pamoja nami? La pili, muuza vifaa mmoja Kariakoo ameniandikia orodha ndefu yenye ubao wa kuchorea, rula T, kikokotozi kipya, vitabu vinne na kompyuta mpakato ya kulipia kidogo kidogo; je, vyote hivyo ni vya lazima kabla ya kufungua chuo? La tatu, nimesikia kwamba kozi nyingine mwanafunzi anaweza kuziahirisha hadi mwaka wa pili ili mwaka wa kwanza usiwe mzito. Naomba ushauri wa mtu aliyepita huko.

Fundi wa Savei

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Nitajibu swali la pili na la tatu, kwa kuwa hayo nayafahamu kwa mikono yangu mwenyewe.

Katika orodha hiyo, kitu ambacho hutakiwi kuchelewa nacho ni vifaa vya michoro ya kihandisi, maana zoezi la kwanza huweza kutolewa mapema, na alama zake huingia katika kazi za muhula, ambazo kwa kawaida hubeba 40 kati ya 100, huku mtihani wa mwisho ukibeba 60. Nunua penseli ya 2H kwa mistari hafifu ya kujengea mchoro na HB kwa mistari ya mwisho inayotakiwa ionekane vizuri, seti skwea mbili (ya nyuzi 45 na ile ya 30 na 60), kifutio laini, selotepu ya karatasi ya kubandikia pembe nne za karatasi, na bikari yenye skrubu ngumu. Bikari ndiyo ninayokuomba uikague ukiwa dukani: ifungue kiasi cha sentimita tano, chora duara moja, kisha izungushe tena juu ya mstari uleule. Mistari miwili ikiachana, irudishe, kwa sababu bikari iliyolegea itakuharibia mchoro ukiwa umebakiza dakika kumi. Karatasi usinunue rimu nzima. Subiri mwalimu aseme kama anataka A3 au A2.

Kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Joto letu la Dar es Salaam hufanya kiganja kitoe jasho, na jasho hilo likikutana na risasi ya penseli huacha utando wa kijivu juu ya mchoro mzima. Mchoro wangu wa kwanza wa mionekano mitatu, yaani wa mbele, wa juu na wa pembeni, ulikuwa sahihi kila kipimo, lakini ulirudi ukiwa umekatwa alama za usafi, na niliumia sana. Tangu siku hiyo nilitandika kitambaa safi chini ya mkono, nikaanza kuchora kutoka juu kushuka chini ili mkono usipite juu ya mistari iliyokwisha kuchorwa. Fanya hivyo tangu zoezi la kwanza.

Kikokotozi ulichotumia kidato cha sita kinatosha kwa kuanzia, usinunue kingine. Vitabu vinne navyo acha, kwa kuwa maktaba ipo na wahadhiri wana mapendekezo yao. Kompyuta mpakato utaihitaji, hasa utakapoanza kuchora kwa programu kama AutoCAD, lakini si kwa mkopo wa muuzaji wakati huna kipato. Utakapofika wakati wa kununua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji bila chaja kwa nusu saa nzima, na udai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi.

Kwa ajili ya karakana utatakiwa kuwa na ovaroli na viatu vigumu. Ovaroli ya mtumba inafaa kabisa, mradi iwe imekukaa mwilini. Mikono mipana inayoning'inia ni hatari mbele ya mashine ya kukereza chuma, kwa sababu ikinaswa na kipande kinachozunguka, mashine haisubiri useme neno.

Kuhusu kuahirisha kozi, mdogo wangu, ondoa wazo hilo. Kozi za mwaka wa kwanza kwa wahandisi karibu zote ni za lazima, na kila moja ni ngazi ya nyingine: asiyeielewa hisabati na mekanika ya mwanzo atakwama kwenye nguvu za vifaa na mitambo ya joto. Kozi ya hiari utaikuta baadaye, tena kwa uchache.

Mama Kinyerezi

Mwanangu, hongera. Mimi nilisoma hapo kozi nyingine kabisa, ila habari ya malazi nimeipitia mwenyewe, na sasa naipitia tena kwa binti yangu.

Piga hesabu ya Changanyikeni kabla hujakubaliana na rafiki yako. Tuseme mmepata chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wa jiji hili hutaka miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 360,000, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 420,000. Hata mkigawana nusu kwa nusu, 210,000 imekutoka kabla hujanunua godoro, jiko wala umeme wa LUKU, na rafiki akihama katikati ya muhula, mzigo wote unakuangukia wewe. Mimi nilipanga chumba kimoja bondeni nikiwa mwaka wa pili, nikalipa miezi sita, na mvua za masika zilipoanza maji yaliingia hadi usawa wa kitanda. Mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Ukilazimika kupanga, nenda ukakague chumba siku iliyonyesha, na utazame ukuta: alama ya maji haifichiki kwa chokaa.

Kwa hiyo omba hosteli mapema kadiri iwezekanavyo. Zile za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zina majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840, ambazo ni nyingi kwa kuzitaja lakini ni chache kwa idadi ya waombaji. Ukipata, usinunue godoro kabla hujakiona kitanda. Nenda na shuka mbili, chandarua, kufuli imara, beseni, taa ya kuchaji, na ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya maji ya kuoga na nyingine ya akiba, kwa sababu siku maji yakikatika utaelewa thamani ya ile ya pili. Jiko la umeme na hita ya maji viache kwa shangazi. Nyaya za bweni hazikuwekwa kwa ajili ya kupikia, na uzembe wa mmoja huwagharimu walio ghorofa nzima.

Mwaka wa Tatu

Naongeza kuhusu fedha na usafiri.

Ndugu, mkopo wako una mafungu tofauti, nawe unapaswa kufahamu umepewa yapi. Fungu la chakula na malazi lilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na lipo jingine la vitabu na viandikio ambalo ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi wahandisi huyafanya katika likizo ndefu, nayo yana fungu lake. Hata hivyo, bumu, yaani hizo fedha za kujikimu, haliingii kwa aliyechelewa kusajiliwa au asiyesaini, kwa hiyo wiki ya kwanza iwe ya kufuatilia usajili, ukiwa na vyeti halisi, nakala zake na picha ndogo, na hakikisha kila kozi inaonekana kwenye akaunti yako ya chuo. Nimeshuhudia mwenzangu akifanya mtihani wa kozi ambayo hakuisajili, na matokeo yake hayakuonekana.

Kukaa Mbagala kunawezekana kwa wiki chache, wala si muhula mzima. Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini, na ukitaka kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi itabidi utoke kwa shangazi kabla ya saa kumi na moja. Jioni ndipo wenzako hukaa kwenye semina na kufanya mitihani iliyopita, na wewe utakuwa umesimama ndani ya daladala.

Kijana wa Kizuiani

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Kompyuta nimeiacha, na kesho nawasilisha maombi ya hosteli. Hadi majibu yatoke nitabaki kwa shangazi. Ovaroli nitaitafuta kwenye mitumba ya soko la Karume. Kilichobaki ni ubao na rula T, ambavyo bei yake imenishinda. Je, vinaweza kuazimwa?

Fundi wa Savei

Vinaazimwa. Wangu bado upo stoo, pamoja na rula yake. Una kovu la kisu katikati, kwa hiyo utandike karatasi nyingine chini ya ile unayochorea, lakini ukingo wa kushoto, ambako kichwa cha rula huteleza, bado umenyooka kabisa. Niandikie ujumbe wa faragha ukishasajiliwa, uje kuuchukua.