Akiki au feruzi: kito kipi kinafaa kwa pete ya kila siku?

Binti_Kisauni: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Baba yangu ana presha, na pete yake ya fedha imedondosha kito. Nataka kumtilia kingine, nami nimekwama kati ya akiki nyekundu na feruzi. Wako wanaosema akiki hutuliza damu na hasira, na wengine wanashikilia kuwa feruzi hukinga jicho la hasidi na hubadilika rangi mvaaji anapougua. Naomba mnilinganishie.

Sonara_Mkongwe: Binti yangu, tuanze na ugumu. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, akiki hufika 6.5 hadi 7, na feruzi 5 hadi 6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini vumbi la kawaida limejaa chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kila baba anapoifuta pete kwa kanzu, feruzi hukwaruzika na kufifia, ilhali akiki hudumu na mng'aro wake miaka na miaka. Tena feruzi ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nayo hunywa jasho, manukato na mafuta. Niliwahi kuletewa pete ya bibi mmoja aliyezoea kujipaka mafuta ya nazi bila kuivua: kito kilikuwa kimegeuka kijani kuanzia ukingoni, na katikati pamebaki doa la buluu lililolingana na punje ya dengu. Naamini hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli ya jiwe linalotambua ugonjwa, kwa kuwa mgonjwa wa homa hutoka jasho jingi.

Muuguzi_Tanga: Dada, avae kito akipendacho, ila vidonge vya presha asiviache hata siku moja. Hakuna jiwe linaloshusha presha.

Mwanafunzi_wa_Chuo: Naunga mkono. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na miongoni mwa wanazuoni wako waliofasiri kuwa kilikuwa akiki. Wazee wengi huipenda kwa sababu hiyo, na mapenzi hayo ni mbali na kuitakidi kwamba jiwe lenyewe linaponya.

Mpenda_Vito: Ninaloongeza ni kuhusu bandia. Feruzi ya Nishapur, Iran, ndiyo yenye sifa kubwa, lakini nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi ni mawe meupe yaliyotiwa rangi. Sugua upande wa chini kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, na pamba ikigeuka buluu, rudisha. Akiki iliyopikwa motoni ili wekundu ukolee si bandia, kwani mafundi wa Khambhat, Gujarat, ambao shanga zao zilifika pwani yetu kwa karne nyingi, walifanya hivyo tangu kale. Ya kuogopa ni kioo: kiinue kwenye mwanga utafute viputo.

Binti_Kisauni: Ahsanteni sana. Baba haivui pete hata anapotawadha, basi yake itakuwa akiki. Feruzi nitamtengenezea mama kidani, kwa kuwa yeye huvaa vito siku za harusi tu. Mzee wangu sonara, kito cha baba kiwe bapa au kiinuke?

Sonara_Mkongwe: Kiinuke kidogo, na ukingo wa fedha ukikumbate pande zote, kisidondoke tena.