Nimeacha modemu ya kukodi nikanunua yangu, spidi imeanguka, naomba msaada

Mkazi_Ohio
Wakuu habari za jioni. Niko Columbus, Ohio, intaneti ya nyumbani ni ya kebo, kifurushi cha Mbps 500. Siku zote nilikuwa nakodi modemu ya kampuni kwa dola 15 kwa mwezi, nikapiga hesabu nikaona kwa mwaka ni dola 180 zinakwenda kwa kifaa ambacho hakitakuwa changu hata siku moja, basi nikanunua yangu ya DOCSIS 3.1 (kiwango cha modemu za intaneti ya kebo) na rauta, kile kifaa cha kugawa waifai, pembeni. Nikapiga simu wakaisajili kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, taa zote zikawaka, intaneti ikaja. Sasa shida ni spidi. Na ile ya zamani nilikuwa napata 480 mpaka 500, sasa hivi kwenye simu napata 40, ikijitahidi sana 60. Mke wangu ni mkalimani wa hospitali kwa njia ya video, anafanya Kiswahili akiwa hapa hapa nyumbani, na jana daktari anamweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, picha ikaganda, sauti ikakatika katikati ya dozi. Hilo limeniuma kuliko hela. Kampuni wanasema kwao kuko sawa, kifaa changu ndicho kibovu. Nikirudishe dukani au kuna kitu cha kuangalia kwanza?

Waya_Mkavu
Pole mkuu, na shemeji mpe pole. Usirudishe kitu bado. Kipimo cha simu kwa waifai hakikwambii lolote kuhusu modemu, unakuwa unapima rauta, kuta za nyumba, na waifai za majirani zote kwa mpigo. Chukua laptopu, weka rauta pembeni, chomeka waya wa LAN (ule wa mtandao wa kompyuta) kutoka kwenye modemu moja kwa moja hadi kwenye laptopu, halafu zima modemu uiwashe upya kwa sababu modemu nyingi za kebo hushika kile kifaa cha kwanza zilichokiona na ukibadilisha bila kuzima hupati intaneti kabisa. Hapo ndo upime. Ukipata 500 modemu haina kosa, shida iko kwenye rauta au waifai. Ukipata ndogo basi ni modemu, waya au kampuni. Bila kutenganisha hivyo utabaki kununua vitu tu.

BintiTanga
Mimi nasema wanakubana makusudi urudi kukodi. Sisi huku Houston tulipoweka ya kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo, ukipiga simu jibu lao la kwanza ni "chukua ya kwetu".

Waya_Mkavu
Dada sikatai kwamba hela ya kukodi wanaipenda, ila tusianzie huko. Modemu ya kebo kila ikiwaka inashusha faili dogo la mipangilio kutoka kwa kampuni, na spidi ya kifurushi imeandikwa humo. Wakikosea usajili unapewa faili la kifurushi kingine na utalia mpaka kesho. Hata programu ya ndani ya modemu wao ndo wanaituma, kifaa ni chako lakini hiyo huwezi kuiweka mwenyewe. Kwa hiyo mkuu ukipiga simu usiulize "mbona iko slo", mwambie mhudumu akusomee ni kifurushi gani kimefungwa kwenye MAC hiyo.

Mkazi_Ohio
Nimefanya yote. Mhudumu kasoma, ni 500. Laptopu kwa waya moja kwa moja napata 94. Nimerudia, 93, halafu 94. Haipandi haishuki.

fundi_eldo
Boss hiyo 94 imeshasema kila kitu. Laini ikiwa na shida ya signo namba inacheza, saa hii 210, ukirudi ni 70. Ikiganda kwa 94 hapo kuna mahali mawasiliano yameshuka kuwa ya Mbps 100, na ukitoa ile sehemu inayoliwa na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayobandikwa kwa kila kipande cha data) inabaki kama 94 hivi. Waya wa LAN ndani una nyaya nane, yaani jozi nne. Gigabiti, yaani Mbps 1000, inataka jozi zote nne, lakini 100 inatosheka na jozi mbili, kwa hivyo uzi mmoja ukikatika au kichwa kikiwa hakijabanwa vizuri hivyo vifaa viwili vinaelewana kushuka hadi 100 na havikupi onyo lolote, taa inawaka tu kama kawaida. Badilisha huo waya. Soma maandishi kwenye ganda lake, iwe Cat5e au Cat6. Na kama laptopu yako haina poti ya LAN unatumia kale kaadapta ka USB, hakikisha ni ya gigabiti, zile za zamani nyingi mwisho wao ni 100. Halafu huo huo waya kama ndo uliunganisha modemu na rauta, waifai yako ilikuwa inakula hizo 94 kabla hata haijafika hewani.

Mkazi_Ohio
Mungu akubariki. Waya ulikuwa wa zamani, nimechukua Cat6 mpya sasa nasoma 310. Lakini ikifika saa mbili usiku inarudi 170 na video bado inaganda ganda. Nimeingia kwenye 192.168.100.1 (ukurasa wa modemu yenyewe) kama nilivyoona watu wanashauri, kuna jedwali refu la namba silielewi. Nguvu ya chaneli za kushusha (data inayoingia) ni kati ya -11 na -13 dBmV, yaani kipimo cha nguvu ya signo, SNR (signo ikilinganishwa na kelele) 31 na 32, nguvu ya kupandisha (data inayotoka) 51. Na kuna safu ya makosa yasiyorekebishika, inasoma maelfu na inaongezeka nikiangalia hivi hivi.

Waya_Mkavu
Ahsante kwa kuleta namba, sasa tunaongea. Hiyo nguvu ya kushusha ingekaa kati ya -7 na +7 ningelala usingizi, na SNR naitaka 33 kwenda juu. Yako iko chini kote kote. Hiyo 51 ya kupandisha maana yake modemu inapaza sauti ili isikike kule mwisho wa laini. Na maelfu yale ni data iliyofika imeharibika kiasi kwamba modemu imeshindwa kuitengeneza, kwa kupakua sinema huoni tofauti kwa sababu kompyuta inaomba tena kile kipande, ila video ya moja kwa moja haina nafasi ya kusubiri ndo maana shemeji anakatikiwa. Swali moja, hii mpya imekaa pale pale ilipokuwa ya zamani?

Mkazi_Ohio
Hapana, ya zamani ilikuwa sebuleni. Hii iko chumbani anapofanyia kazi mke wangu.

Waya_Mkavu
Basi fuata ule waya mnene kama wa dishi kutoka chumbani mpaka unapoingilia nyumba, nina hakika karibu kabisa utakuta splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja kwenda vyumba kadhaa. Splita ya njia mbili inakula kama desibeli 3.5 kila upande, ya njia tatu mara nyingi ina njia moja ya 3.5 na mbili za 7, imeandikwa juu ya chuma chenyewe. Kama hamna televisheni ya kebo itoe, unganisha waya na waya kwa kile kiungio kidogo cha kike kwa kike. Kaza vichwa kwa spana ndogo, vidole havitoshi, ila usikaze kwa hasira ukavunja poti ya modemu.

Mkazi_Ohio
Ipo kweli! Kwenye kasha la chini ya ngazi, njia tatu, chumbani kumechomekwa kwenye 7, na ile njia nyingine imeachwa wazi haina kitu. Nimeitoa nikakaza. Sasa nasoma -5, SNR 38, kupandisha 44, makosa yamesimama. Waya 485, waifai chumbani 390. Mke wangu kafanya zamu nzima jioni hii picha imetulia. Iliyobaki ni spidi ya kupandisha tu, zamani Mbps 20 sasa 10.

fundi_eldo
Hiyo ya kupandisha uliza kampuni. Kuna zinazofungua spidi kubwa ya kupandisha kwa modeli zilizo kwenye orodha yao tu, kama yako haimo hapo signo haihusiki. Kingine, ile ya kukodi ukiirudisha usitoke bila risiti yenye namba ya kifaa, piga picha uweke. Bili ijayo isome mstari kwa mstari. Sheria ya Marekani ya 2019 imekataza kukutoza kodi ya kifaa ulichorudisha au ambacho hawakukupa, wakiendelea peleka malalamiko FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani), ni bure kwa mtandao, na kampuni ina siku 30 kujibu.

BintiTanga
Hii ya splita naenda kuangalia kwangu sasa hivi.