Kozi za lazima, za jumla, za kuchagua: nazitofautishaje kabla usajili haujafungwa?

Fresha_Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana. Naanza mwaka wa kwanza wa Shahada ya Sanaa na Ualimu, masomo ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia. Nikifungua mfumo wa usajili nakuta kozi tano zimeshawekewa alama na haziondoki: Kiswahili krediti 12, Jiografia 12, Saikolojia ya Elimu 12, Stadi za Mawasiliano 8 na Stadi za Maendeleo (DS) 8. Chini yake kuna orodha ya kozi saba, zote za krediti 8, na maelezo kwamba nichague moja au mbili.

Ninaokaa nao wanasema DS na Mawasiliano ni za kujazia ratiba tu, nisizipe muda. Wengine wanasema nichague mbili ili nimalize mapema. Usajili wa kozi unafungwa Ijumaa ijayo. Naomba kueleweshwa: hizi aina zinatofautiana wapi hasa, na krediti zina kazi gani?

Mwalimu_Mkolani

Marahaba mdogo wangu. Acha kwanza majina. Kwa kila kozi jiulize: nikiifeli hii, nini kinanipata? Hapo ndipo aina zinapoachana.

Kozi ya lazima hukwepi. Ukifeli mtihani wa chuo unafanya supu, yaani mtihani wa marudio, na ukifeli supu unaibeba kwenda mwaka unaofuata. Unaweza kuwa na GPA (wastani wa ufaulu wako) nzuri kabisa, lakini kozi moja ya lazima ikibaki wazi jina lako halipelekwi kwenye orodha ya wahitimu. Kwa ualimu hizi za lazima zina mafungu mawili ndani yake. Kuna za taaluma ya ualimu, yaani saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, mbinu za kufundishia na upimaji. Kuna pia za masomo yako mawili ya kufundishia. Mafungu yote mawili ni lazima, na moja halifidii jingine.

Kozi ya kuchagua inakupa nafasi ya kujiokoa. Ukiifeli, vyuo vingi vinakuruhusu kuiacha na kuchukua nyingine mahali pake, ilimradi krediti zinazotakiwa zitimie. Soma kifungu hicho kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, kwa sababu masharti ya kubadilisha hutofautiana.

Sasa hizo za jumla, na hapa wenzako wanakupoteza. Zinaitwa za jumla kwa kuwa wanafunzi wa programu nyingi wanazisoma pamoja, wa sheria, wa biashara na wa ualimu ukumbi mmoja. Haina maana kwamba hazihesabiki. DS ni ya lazima kama Kiswahili ilivyo ya lazima: ina supu, inabebwa, inaingia kwenye GPA. Watu huifeli kwa sababu moja tu, ukumbi una watu mamia, hakuna anayewaona, basi wanaanza kuisoma wiki ya mtihani.

Kuhusu krediti: kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu inafikia 360. Saa hizo si za mhadhara peke yake. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kama ina mihadhara saa 3 na semina saa 1 kwa wiki, katika wiki 15 utakuwa umekaa darasani saa 60. Saa 60 nyingine ni zako: maktaba, kazi za nyumbani, kujiandaa na majaribio.

Piga hesabu yako. Zile tano zinafanya 52. Ukiongeza moja ya kuchagua unafika 60, ambayo ndiyo nusu ya mwaka. Ukiongeza mbili ni 68. Kwa wiki 15, krediti 60 ni saa 40 za kazi kila wiki, na 68 ni zaidi ya saa 45. Muhula wa kwanza chukua moja. Na humalizi mapema hata ukichukua mbili, maana kozi za lazima za mwaka wa tatu hazifundishwi mwaka wa pili kwa ajili yako.

Kirumba_Hesabu

Naongeza kwenye GPA, kwa sababu wengi wanadhani ni wastani wa madaraja. Ni wastani uliopimwa kwa krediti. Madaraja yana pointi: A ni 5 (alama 70 na kuendelea), B+ ni 4 (60 hadi 69), B ni 3 (50 hadi 59), C ni 2 (40 hadi 49). Chini ya 40 hujafaulu. Unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti.

Tuchukue wanafunzi wawili, kila mmoja ana A moja na C moja. Wa kwanza kapata A kwenye kozi ya krediti 12 na C kwenye ya krediti 8. Hesabu yake ni (5 × 12) + (2 × 8) = 76, gawa kwa 20, anapata 3.8. Wa pili kapata C kwenye ya 12 na A kwenye ya 8, yaani 24 + 40 = 64, gawa kwa 20, anapata 3.2. Madaraja ni yaleyale, lakini kwa mipaka ya kutunuku shahada wa kwanza yuko daraja la pili la juu (3.5 hadi 4.3) na wa pili yuko daraja la pili la chini (2.7 hadi 3.4). Kwa hiyo unapopanga ratiba ya kujisomea, tazama safu ya krediti kabla ya jina la kozi.

Jambo jingine: GPA hukatwa kwenye desimali moja, haipandishwi. 3.48 inaandikwa 3.4. Hapo ndipo A ya DS yenye krediti 8 inapoweza kukuvusha, na ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu anafundishwa kuidharau. Kumbuka pia kuwa supu haikurudishii kitu: hata ukipata alama 75 kwenye supu, vyuo vingi huandika C.

Fresha_Nyegezi

Asanteni sana, krediti nimezielewa. Bado nina mawili. Ile orodha ya saba nichague kwa kigezo gani? Na kuna moja naitaka lakini mfumo unaandika kwamba sijatimiza kozi tangulizi.

Dada_Buhongwa

Mdogo wangu, la pili ndilo jepesi. Kozi tangulizi ni ile unayopaswa kuifaulu kabla ya nyingine kukufungukia. Tazama namba ya kozi: kwa kawaida tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, kwa hiyo 101 ni ya mwaka wa kwanza, 203 ya mwaka wa pili. Ukiona ya 200 kwenye orodha yako imefungwa, iache.

Ila mnyororo huu uufuatilie kwa makini kwenye kozi za lazima, kwa sababu ndio unaorefusha shahada. Mfano ulio wazi ni takwimu, kisha mbinu za utafiti, kisha ripoti ya utafiti ya mwaka wa tatu. Ukiangusha takwimu, mbinu za utafiti hazifunguki, na bila mbinu za utafiti hupangiwi msimamizi wa ripoti. Tena kozi nyingi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Ukiikosa ya muhula wa kwanza, hairudi mpaka muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata, na ikirudi inaweza kugongana na kipindi cha kozi ya mwaka uliopo. Watu wengi wanaobaki chuoni mwaka wa nne wamekwama kwenye kozi moja ya namna hii.

Kuhusu kuchagua: chagua inayonenepesha mojawapo ya masomo yako mawili ya kufundishia. Matangazo ya ajira za ualimu hutaja somo kwa somo, na anayepitia vyeti anahesabu kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo yako yote, kozi za somo hilo. Mtu akitapanya nafasi zake kwenye utalii, uandishi wa habari na ujasiriamali, somo lake la pili linabaki jembamba. Jiografia ya sekondari ina usomaji wa ramani, ufafanuzi wa picha, takwimu na upimaji wa ardhi. Kama kwenye orodha kuna kozi ya ramani au upimaji, ianze hiyo, kwa sababu hilo ndilo eneo ambalo walimu wapya hulikimbia darasani. Usichague kwa kufuata marafiki, wala kwa uvumi kwamba mhadhiri fulani anagawa A.

Bugando_Mwaka_wa_Nne

Wanaosoma udaktari wasome uzi huu kwa tahadhari. Kwetu miaka mitano yote imepangwa, na nafasi ya kuchagua ni ndogo mno. Na kwa walio matawi ya Mwanza ya vyuo kama CBE (elimu ya biashara) na TIA (uhasibu), vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, mtasikia neno moduli mahali pa kozi, lakini krediti 1 bado ni saa 10.

Mwalimu_Mkolani

Hakuna aliyetaja mazoezi ya kufundisha, na hayo ni kozi kamili yenye namba na krediti zake. Kwa kawaida ni wiki 8 shuleni. Ukienda bila kuisajili, alama za mkaguzi, yaani mhadhiri anayekuja kukutazama ukifundisha, hazina pa kuingizwa.

Kinachoharibu zaidi ni mkaguzi kukukosa. Ukipangiwa Ukerewe, mkaguzi anapanda meli hadi Nansio, na kama shule iko Ukara anavuka tena kutoka Bugolora. Harudi mara mbili kwa sababu yako. Wiki ya kwanza tuma ratiba ya vipindi vyako vyote, taja siku ambazo shule ina mitihani, na andaa maandalio ya somo kila siku kana kwamba anakuja kesho.

Fresha_Nyegezi

Nimechagua ya usomaji wa ramani. Jumla inasoma 60. Nimebonyeza kuhifadhi.

Dada_Buhongwa

Kuhifadhi bado si kuthibitisha. Toka kwenye mfumo, ingia tena, uone hali ya kila kozi imeandikwa imesajiliwa. Kisha linganisha namba za kozi na zilizo kwenye mwongozo wa programu yako, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu kozi mbili zinaweza kuwa na jina linalokaribiana na ukasajili ya idara nyingine. Chapisha fomu steshenari, ipeleke kwa mshauri wako wa masomo aisaini kabla ya Ijumaa, na nakala moja uitunze hadi utakapopokea transkripti.