Naomba ushauri: nina mwanafunzi asiyeona, nimpe silabusi ya Takwimu kwa njia gani?

Asistenti_Lushi
Habari za jioni wakubwa. Mimi ni asistenti chuoni hapa Lubumbashi, nafundisha Takwimu mwaka wa kwanza. Mwaka huu nina kijana mmoja asiyeona. Mwenye kujua anisaidie: breli, yale maandishi ya nukta za kupapasa, inachapishwa wapi huku kwetu, na silabusi yangu, yaani kitabu cha somo, ya kurasa 112 itanigharimu kiasi gani? Mtihani ni baada ya wiki tano. Usingizi umeanza kunikimbia. Msinitukane tafadhali.

Mama_Ruashi
Pole mwalimu. Mimi binti yangu hasikii, husoma midomo. Alipokuwa la sita mwalimu alikuwa anaeleza hesabu huku amegeukia ubao. Sasa mtoto atasoma kisogo? Nikaenda shuleni mara tatu. Mara ya tatu nilibeba karanga, ndipo akageuka. Hadi leo nikiziona sokoni nacheka peke yangu.

Kasumbalesa_Kwetu
Vuka mpaka tu, yaya. Zambia vitabu vya breli vipo. Nitumie kitu kidogo nikuulizie.

Nukta_Sita
Kasumbalesa, usile pesa ya mtu bure. Vitabu vya kule vingi ni vya Kiingereza. Chukua alama yenye nukta zote sita: kwa Kifaransa ni herufi é, kwa Kiingereza alama ileile ni neno zima "for". Kijana aliyesomea Kifaransa akiipapasa atadhani mwandishi alikuwa amelewa. Alama za hesabu nazo zina tofauti zake. Halafu karatasi ya breli ni nene na maandishi yake yanakula nafasi. Kurasa 112 zitageuka mzigo wa kubeba begani.
Asistenti, silabusi si umeiandika kwa kompyuta? Mpe faili la Word. Simu ya Android ina kisomaji, programu ya kusoma skrini kwa sauti, kinaitwa TalkBack, kitamsomea; kwenye kompyuta kuna NVDA, ya bure. Breli ya nini wiki tano kabla ya mtihani?

Asistenti_Lushi
Faili nilishampa, mkubwa. Ni PDF. Anasema haisomeki, ndiyo maana nikawaza breli.

Nukta_Sita
PDF iliyotoka kwenye Word, au ni kurasa zilizopigwa picha?

Bwana_Bukari
Takwimu ya mwaka wa kwanza! Hiyo silabusi bado inaiita nchi Zaire? Ya kwetu ilikuwa inaiita hivyo, na mimi nilisoma 2011.

Asistenti_Lushi
Asante kwa maoni yote. Kuhusu bei ya breli hakuna anayejua?

Nukta_Sita
Hujajibu.

Asistenti_Lushi
Sawa. Niliichapa kwenye karatasi, nikaskani ukurasa kwa ukurasa, nikafunga kwa neno la siri mtu asiweze kunakili. Msianze. Silabusi nauza franga 20,000, na mshahara wa asistenti mnajua unavyokuja, ukija. Oditwari, ukumbi ninaofundishia, ina watu 340. Nikitoa Word leo jioni, kesho asubuhi iko kwenye WhatsApp ya promosio, darasa zima, na kibanda cha fotokopi kinaiuza 5,000. Huyu kijana nilimpa bure, sikumdai hata franga moja. Kosa langu liko wapi?

Shemasi_Kampemba
Kupenda fedha ndiko shina la mabaya yote. Tubu.

Wakili_Katuba
Achana na Shemasi, nikujibu swali lako. Nchi hii ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 24 kinahusu elimu. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kwetu wenyewe, ya kulinda haki hizohizo. Wewe umempa bure kitu asichoweza kukitumia. Kibogoyo umemgawia muwa, sasa unadai shukrani.

Asistenti_Lushi
Sijakataa kumsaidia. Breli nilikuwa tayari kulipa kwa mfuko wangu.

Wakili_Katuba
Kwa sababu breli haitumwi WhatsApp.

Mwana_Kamalondo
Subirini kwanza. Akaunti imefunguliwa leo, hii ndiyo posti yake ya kwanza. Asistenti gani atakiri mbele za watu kwamba amefunga faili ili asiyeona asisome? Huyu ndiye kijana mwenyewe. Anatuchochea tumtukane mwalimu wake.

Bwana_Bukari
Kama ni yeye, basi anaandika kunishinda mimi mwenye macho mawili.

Nukta_Sita
Bukari, mimi sioni tangu nina miaka tisa na makosa yako ya tahajia huwa nasomewa yote. Asiyeona asingefungua uzi kwa kuulizia breli, angeomba faili tangu mstari wa kwanza.

Mwana_Kamalondo
Basi atuambie: ile PDF ikifunguliwa, simu inasema nini? Mwalimu hawezi kujua.

Asistenti_Lushi
Najua, kwa sababu alinisikilizisha. Alikuja ofisini Jumanne. Umeme ulikuwa umekatika, mimi nahangaika kutafuta tochi, yeye ameshavuta kiti na kukaa. Akafungua faili, akaweka simu mezani. "Ukurasa wa 1, picha. Ukurasa wa 2, picha." Akaiacha iendelee hadi wa 14. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyemwambia inatosha.

Mama_Ruashi
Mpe mtoto faili lake, baba.

Mwana_Kamalondo
Mimi bado sijaamini, lakini endeleeni.

Nukta_Sita
Ukimpa Word, usiitume ilivyo. Vichwa vya sura vitie mtindo wa vichwa uliomo mle ndani ya Word, usikoleze wino tu, ndipo ataweza kuruka kutoka sura hadi sura. La sivyo akitafuta sura ya tano atasikiliza zote nne za mwanzo. Majedwali yawe majedwali kweli, usibandike picha. Kila grafu iandikie chini sentensi mbili tatu: mstari unaanzia wapi, unapanda hadi ngapi, unashuka wapi. Kazi ya jioni mbili. Na mtihani wenyewe ataufanyaje?

Asistenti_Lushi
Mtihani sijaufikiria.
Swali moja. Nikimpa Word, naruhusiwa kuandika jina lake kila ukurasa? Ikivuja nijue imetokea wapi.

Nukta_Sita
Andika. Ila liweke juu kabisa, kwenye sehemu ya kichwa cha ukurasa, kisomaji kitalipita. Ukiliweka katikati ya maandishi atasomewa jina lake mara 112.

Bwana_Bukari
Mkubwa, na mimi nitumie hiyo Word. Takwimu nina deni nayo tangu 2011.