«Cross-grained»: ni mbao, ni mtu, au ni kitambaa?

Kalamu Mbili:
Heshima kwenu wakuu. Nina tafsiri mbili mezani, mwongozo wa useremala na hadithi fupi ya Kiingereza, na neno lilelile limejitokeza kote. Mwongozo unasema «Avoid cross-grained stock for chair legs». Hadithi inamtaja «a cross-grained old clerk». Kamusi yangu ina «kaidi» basi, na mguu wa kiti hauwezi kuwa kaidi. Mbele kidogo mwongozo una «cross-grain» bila -ed, kwenye sura ya kuunga mbao. Ni kitu kimoja? Na huyo karani ana hasira au ana ubishi?

Randa na Patasi:
Nichukue mbao. «Cross-grained» ni mbao ambayo nyuzi zake haziendi sambamba na urefu wa kipande, na kuna njia tatu za kufikia hapo. Mchanaji anaweza kuwa amepitisha msumeno upande ilhali gogo lenyewe lilikuwa sawa. Mti unaweza kuwa umekua kwa kujisokota. Au nyuzi zimepishana: tabaka moja la ukuaji linainamia kulia, linalofuata kushoto. Hii ya tatu ndiyo iliyojaa katika mvule, mkangazi na sapeli, na ndiyo inayoleta ile milia ya kung'aa na kufifia kwenye sapeli iliyochanwa kuelekea kiini.

Mwongozo unaikataza kwenye miguu ya viti kwa sababu ya nguvu. Nyuzi zikihama sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, uwezo wa kuhimili kupindwa hushuka hadi kama asilimia 81 ya ule wa mbao iliyonyooka. Zikihama 1 kwa 5, inabaki kama 55. Mguu wa namna hiyo hauvunjiki katikati, unapasuka kwa mshazari kufuata nyuzi, mara nyingi pale tundu la kiungo lilipotobolewa.

Usipime kwa michoro unayoiona juu ya ubao, hiyo ni miviringo ya ukuaji na inadanganya. Tazama nyufa ndogo za kukauka, au dondosha tone la wino: wino hutambaa kufuata nyuzi zenyewe.

Kwa hiyo sentensi yako: «Usitengeneze miguu ya kiti kwa mbao yenye nyuzi za mshazari.» Lakini maelezo yakihusu mvule au sapeli, andika «nyuzi zilizopishana», maana hapo ushauri wa kuranda unabadilika. Mbao ya mshazari unaigeuza tu, ukaranda kutoka upande wa pili, ikalainika. Ya kupishana haina upande: unakolainisha mlia mmoja, wa jirani unanyofoka. Dawa ni jino kali sana, unyoaji mwembamba, na bamba linalokaa juu ya jino lisogezwe hadi kama milimita 0.2 kutoka kwenye makali. Ikigoma bado, kwangua kwa bamba la chuma kisha msasa.

«Cross-grain» ya sura ya viungo ni jambo jingine kabisa. Hapo kila kipande kinaweza kuwa kimenyooka vizuri, ila viwili vimeungwa nyuzi zikikatana kwa pembe mraba, kama papi zinazopigiliwa chini ya uso wa meza. Mbao ikikauka kutoka ubichi husinyaa asilimia 0.1 hadi 0.2 tu kwa urefu, lakini kwa upana inaweza kufika 8. Chukua uso wa meza wenye upana wa sentimita 60 kwa mbao ya namna hiyo: unyevu wa mbao ukibadilika kwa asilimia 4 kati ya masika na kiangazi, upana unacheza karibu milimita 7. Papi iliyogundishwa kwa gundi urefu wote haichezi, kwa hiyo uso unapasuka. Ndiyo maana matundu ya skrubu za pembeni hutobolewa marefu, ya katikati tu ndiyo hukazwa. Tafsiri: «kiungo chenye nyuzi zinazokatana».

Nahau Tupu:
Karani nimwachieni mimi. Kwanza umbo la neno: hiyo -ed haitokani na kitenzi. Ni «cross» na «grain» vikaunganishwa, kisha -ed ya «mwenye», sawa na ile ya «one-eyed» na «long-legged». Ndiyo maana «mbao iliyokatizwa nyuzi» ni kosa, inaleta mtendaji asiyekuwepo. Tumia «-enye».

Maana ya mtu ipo katika Kiingereza tangu karne ya 17, na sasa ina harufu ya vitabu vya zamani. «Cross» peke yake ni mtu aliyekasirika leo, kesho kapoa. «Cross-grained» ndivyo alivyo siku zote: ukimwambia fungua, anafunga, na ananung'unika akifunga. «Kaidi» inabeba nusu tu, yule anayekataa. Kiingereza kina «pig-headed» kwa huyo. Nusu ya pili ni kununa, na hapo Kiswahili kina «gubu». Ningeandika «karani mzee mwenye gubu». Kama hadithi inaonyesha anakwamisha watu makusudi, «mwenye inda» inafaa zaidi. «Kisirani» niiogope kidogo, wasomaji wengine watasikia mkosi. Na tafadhali usimwite «mnoko». Karani wa zamani hivyo atashuka daladala.

Kalamu Mbili:
Shukrani sana. Karani anakwamisha mafaili kweli, basi «inda». Swali la mwisho: kuna aya ya kupamba kiti kwa kitambaa, «cut the strip on the cross-grain». Niweke mshazari pia?

Cherehani:
Hapana! Hapo utaharibu kazi ya mtu. Katika kitambaa «cross-grain» ni mwelekeo wa mshindio, yaani nyuzi zinazokwenda kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, zikikata mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) kwa pembe mraba. Mshazari kwa fundi nguo ni pembe ya digrii 45, na Kiingereza kinaita «bias». Vinavutika tofauti: mtande hauvutiki karibu kabisa, mshindio unavutika kidogo, mshazari unavutika sana. Ukanda wa mshazari ukitandazwa kwenye ukingo ulionyooka wa kiti utalegea na kupindapinda. Kinyume chake, kona ya mviringo ndiyo inayoutaka mshazari, wa mshindio utajikunja hapo.

Andika «kata ukanda kufuata upana wa kitambaa, ukingo hadi ukingo». Ongeza kwamba ukanda hautazidi upana wa jora. Kitambaa cha sentimita 150 hakikutoi ukanda wa mita 2 bila kuunga, na mwongozo wenye vipimo vya mzunguko wa kiti unapaswa kusema kiungo kikae wapi. Kwa kawaida ni nyuma.