Masta ya falsafa na masta nyingine kwa mpigo mmoja: vyuo viruhusu?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Naleta hoja nikiwa tayari na msimamo, na natamani mtu auvunje kama unavunjika.

Swali ni hili: mtu aruhusiwe kusoma shahada ya uzamili ya falsafa pamoja na uzamili wa fani nyingine kwa wakati mmoja, zote mbili kwa mzigo kamili? Italia ilikataza kujiandikisha kozi mbili za chuo kikuu tangu mwaka 1933. Aprili 2022 wakalifuta katazo hilo, kwa sharti kwamba kozi hizo mbili zitofautiane kwa angalau theluthi mbili. Mwezi huohuo tume ya vyuo vikuu ya India nayo ikaruhusu shahada mbili kwa pamoja, mradi vipindi visigongane. Kwa hiyo si jambo la kufikirika tena, linatendeka.

Tuanze na hesabu. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa mzigo kamili ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800. Zidisha kwa mbili, ugawe kwa wiki 48: unapata saa 62 hadi 75 kila wiki, bila kuugua, bila msiba, bila kibarua cha kulipia chumba. Ruhusa ya namna hiyo ni ya aliyejaaliwa, mwingine ataisoma tu kwenye karatasi.

Lakini hata ukinipa mtu mwenye saa zote hizo, bado nina wasiwasi, na nitaeleza kwa yaliyonikuta. Nilisoma falsafa na uchumi wa afya kwa pamoja. Asubuhi moja mwalimu wa uchumi aliandika ubaoni: 10 × 0.6 = 6. Kuna kipimo kinachotumika kuamua dawa ipi igharamiwe. Mwaka mmoja wa afya kamili unahesabiwa 1, mwaka wa maradhi au ulemavu unahesabiwa pungufu. Dawa ikimwongezea mtu mwenye afya kamili miaka 10, faida ni 10. Ikimwongezea miaka hiyohiyo mtu ambaye hali yake imepewa uzito wa 0.6, faida ni 6. Tukanakili, tukahamia mfano unaofuata.

Jioni nilikuwa kwenye semina ya falsafa, mada ni usawa wa binadamu. Nikafungua daftari lilelile, nikaikuta ile sita ya asubuhi, kalamu ikasimama. Nani alisema 0.6? Mara nyingi uzito huo hupatikana kwa kuwauliza watu wa kawaida wafikirie hali ambayo wao hawaiishi. Mwaka wa mtu yule unapunguzwa thamani, na yeye mwenyewe hakuulizwa!

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini falsafa inafaa kuunganishwa na fani nyingine. Fani inakupa namba, falsafa inakushika mkono kabla hujaitumia. Ila kesho yake asubuhi nilikuwa na zoezi la takwimu la kukabidhi, na keshokutwa lingine. Swali langu nililiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, likakaa huko miezi saba. Fani nyingi zinakuruhusu kusoma kwa kukimbia. Katika falsafa unaweza kurudia aya moja jioni nzima, na hiyo jioni si hasara, ndiyo somo lenyewe. Mwishowe nilisimamisha uchumi kwa mwaka, nikamaliza falsafa, ndipo nikarudi. Tasnifu yangu ya uchumi ikawa juu ya ile 0.6.

Msimamo wangu, basi: kuunganisha ndiyo, kubebanisha hapana. Zifuatane. Kwame Nkrumah alipata uzamili wa elimu pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1942, na wa falsafa palepale mwaka 1943. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, mfano wa daftari umenigusa, lakini hujajibu swali la msingi: shahada ya pili ya nini? Amartya Sen alikuwa mchumi. Alipopata nafasi ya miaka minne Trinity, Cambridge, ya kufanya chochote anachotaka, aliitumia kujifunza falsafa. Hakutafuta shahada ya falsafa, na mwaka 1998 akapewa Nobel ya uchumi. Vitabu viko maktaba. Tunawafundisha vijana kwamba kufikiri kunahitaji risiti ya ada.

Mleta mada:

Hoja nzito, mkuu, lakini itazame tena. Sen alipewa miaka minne ya utulivu na watu wa kubishana nao kila siku. Anayesoma peke yake usiku hana hivyo viwili. Insha yangu ya kwanza ya falsafa ilikuwa na kurasa nane. Msimamizi hakuandika maoni marefu, alizungushia duara neno "kwa hiyo" kila lilipotokea, mara kumi na moja, na pembeni ya kila duara akaandika "inatokana na nini?" Tisa kati ya hizo sikuweza kuzijibu. Kitabu hakikuzungushii duara. Cheti sikitetei sana, natetea yule mtu mwenye kalamu.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nina watoto wawili na kazi, kwa hiyo nitasema upande ambao nyote mmeuruka. "Zifuatane" inasikika vizuri, lakini kufuatana nako kuna bei. Wafadhili wengi hawampi pesa ya uzamili mtu ambaye tayari ana uzamili. Kule Uingereza, mkopo wa serikali wa ngazi hiyo huupati kama tayari unayo shahada ya aina hiyo. Ukimaliza falsafa kwanza, umeufunga mlango wa ya pili kwa mkono wako mwenyewe. Ukianza na ya pili, falsafa hutaisoma kamwe, maana hakuna mwajiri atakayekupa ruhusa. Mleta mada uliweza kusimamisha mwaka mmoja. Wangapi wanaweza?

Mleta mada:

Dada (au kaka, uniwie radhi), hapo umenipata, na sitajitetea. Niliweza kusimamisha kwa sababu sikuwa na mtu wa kumlisha. Narekebisha msimamo: mtu ajiandikishe zote mbili siku moja, kwa ufadhili mmoja, lakini apewe miaka mitatu au minne ya kwenda kwa mzigo nusu. Na kozi zinazolingana, kama za maadili au mantiki, zihesabiwe mara moja kwa pande zote mbili. Kinachonitisha ni mzigo kamili mara mbili, siyo majina mawili kwenye orodha.

Mchangiaji wa pili:

Sawa, hapo tunakaribiana. Na tasnifu? Moja au mbili?

Mleta mada:

Moja, ndefu, yenye wasimamizi wawili, kila mmoja na haki ya kuikataa. Tasnifu mbili zinamwachia mwanafunzi nafasi ya kuficha swali gumu: la uchumi anasema ni la kifalsafa, la falsafa anasema ni la kitakwimu. Najua wasimamizi wawili huvutana, na anayeumia ni mwanafunzi. Wa kwangu walivutana wiki sita juu ya sentensi moja, kama niandike "uzito wa hali ya afya" au "thamani ya mwaka wa maisha". Wa uchumi aliona ni kitu kilekile. Mwishowe aliniomba nikae naye, nimweleze kwa nini siyo. Tulikaa mpaka taa za korido zikazimwa.